Baada ya Nukta ya Mwisho



Kila mwaka wa shule unapoelekea mwisho, vijana hutuletea madaftari yao ya hadithi. Mmoja ameandika juu ya mchimbaji wa madini aliyerudi nyumbani mikono mitupu, mwingine juu ya binti aliyeozwa bila kuulizwa, na wengine, hasa wavulana, juu ya wezi na polisi. Nyingi ni hadithi nzuri kwa asili yake. Lakini chini ya ukurasa wa mwisho twakuta karibu daima maneno yale yale: «Nimemaliza. Naomba mnisahihishie.»

Hayo ndiyo tutakayoyazungumza juma hili. Mtu aandikaye hadithi, akiisha kutia nukta ya mwisho, hajamaliza bado; amefika nusu ya njia. Na nusu iliyobaki si kazi ya mwalimu kwanza, wala ya mhariri, wala ya mchapishaji. Ni kazi yake mwenyewe. Mwalimu aweza kukuonyesha kwamba umetia «r» mahali pa «l», ila hawezi kujua ulitaka kusema nini. Wewe wajua. Na hapo ndipo penye shida yenyewe, kwa kuwa wajua mno.

Mtu aliyekaa katika nyumba yake miaka kumi hutembea ndani usiku bila taa, asijikwae hata kidogo. Mgeni akiingia saa ile ile hujigonga kwenye kinu, hupindua kigoda, huita: «Hodi, kuna nini hapa?» Ndivyo ulivyo mswada. Ukiusoma wewe uliyeuandika, jicho halisomi yaliyo katika karatasi. Lasoma yaliyo kichwani. Ulikusudia kutuambia kwamba Yosefu ni mjomba wa yule binti. Hukutuambia. Hata ukisoma mara tano hutaliona pengo hilo, maana kwako wewe Yosefu amekuwa mjomba tangu mwanzo. Sisi wageni tunajigonga.

Basi mwandishi hana budi kujifanya mgeni katika nyumba yake. Watu wa kale walijua hayo. Horatius, mshairi wa Kirumi, aliwashauri waandishi wayafungie maandishi yao hadi mwaka wa tisa ndipo wayatoe. Miaka tisa! Mwanafunzi wa sekondari akifuata shauri hilo atakuwa baba wa watoto kabla ya kuisoma hadithi yake mara ya pili. Majuma matatu yatosha. Weka daftari chini ya sanduku, mpe dada yako alifiche ikiwa hujiamini, usome kitabu cha mtu mwingine. Ukirudi, utakutana na sentensi utakayojiuliza ni nani aliyeiandika. Hiyo ndiyo ya kuanzia.

Walakini muda peke yake hautoshi, kwa sababu jicho ni lile lile. Yafaa kuliita sikio lije kusaidia, na juu ya jambo hili mji wetu una ushahidi upitao mifano yote ya vitabu vya shule.

Mwaka 1965, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966), kulitoka maandishi yaliyopigwa kwa mashine ya taipu, yenye jina la Kifaransa, «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Aliyeyaandika ni André Yav, kwa ajili ya watu waliokuwa wametumikia katika nyumba za Wazungu. Jina lamfanya mtu afikiri ni kamusi, lakini sivyo. Ni historia ya mji jinsi walivyoiona wale waliopika, waliofua na waliosimama nyuma ya viti mezani wakisikia yote. Kiswahili chake ni kile cha mjini, nacho hakikupitia mkononi mwa mhariri yeyote. Maneno yamekatwa mahali pasipotazamiwa, mengine yameshikamana, na nukta hazipo pale unapozingojea. Msomaji akiyakodolea macho tu hupotea kabla ya ukurasa wa pili.

Baadaye mwanazuoni Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha hapa, alitaka kuyafasiri. Njia iliyofaa haikuwa kukazana na miwani. Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, aliyasoma kwa sauti, kama mtu asimuliaye, na yale yaliyofungwa kwa jicho yakafunguka kwa sikio. Ikajulikana neno laanzia wapi, sentensi yaishia wapi, mwandishi acheka wapi na akasirika wapi. Kitabu cha kazi yao kilitoka mwaka 1990.

Hayo si hadithi ya kubuni, twakubali. Ila kwa mwandishi wa hadithi yana mambo mawili. La kwanza, kama mtu mmoja tu angaliyasoma kwa sauti mwaka ule 1965, akiwa na kalamu ya risasi mkononi, wasomaji wengi wangaliokolewa na taabu. La pili, nalo laonekana kinyume cha lile la kwanza, kama mhariri mkali angaliyapata akayapiga pasi mpaka yakanyooka, huenda sauti ya Yav isingalitufikia kabisa. Tutalirudia hili la pili.

Kwanza, namna ya kusoma. Usisome kwa kunong'ona, maana midomo nayo hujua kudanganya. Soma kama unavyosoma somo kanisani, mtu wa benchi la nyuma asikie. Mahali pumzi inapokuishia kabla ya nukta, sentensi ni ndefu. Mahali ulimi unaporuka neno, neno hilo halihitajiki, lifute. Mahali unapoharakisha bila kujua, wewe mwenyewe umechoshwa, na msomaji atachoshwa zaidi. Kisha mpe mwenzako asome yeye, nawe ukae kimya ukifuata katika daftari. Akikwama, tia alama. Usimweleze! Vijana wengi hushindwa hapa. Mwenzake akikwama tu, kijana huruka: «La, maana yake ni kwamba...» Ndugu yangu, hutaweza kukaa kando ya kila msomaji ukimweleza. Na usimchague mwenzako akupendaye sana, wala yule mwenye wivu. Mchague mtu mwenye usingizi. Akiamka penye sura ya tatu, sura hiyo ni nzuri, na yafaa kujiuliza kama hadithi isingeanzia pale.

Tena usidhani sikio ni la maskini wasiojua kusoma. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, «Caitaani Mutharaba-ini», akiwa kifungoni Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1980. Mwenyewe ameeleza jinsi kilivyosomwa: jioni jamaa walikusanyika na yule aliyejua kusoma aliwasomea wengine, na hata katika vilabu vya pombe walikuwako wasomaji waliosoma kwa sauti. Msomaji wa namna hiyo, alipofika penye utamu na glasi yake imekauka, alinyamaza mpaka ijazwe. Hatusifu pombe katika ukurasa huu, lakini mwandishi akijua kwamba kitabu chake chaweza kufika mbele ya watu wa namna hiyo, atafuta mengi yasiyo na kazi.

Na hapa kwetu watu wa mchezo wa kuigiza walisahihisha bila karatasi. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana sana katika Lubumbashi kwa michezo yake ya Kiswahili, halikuwa na kawaida ya kuandika maneno ya kila mchezaji. Walipatana juu ya kisa, waligawana nafasi, walijaribu, walibishana, walijaribu tena. Neno lililolala lilionekana mara moja, kwa kuwa mwenzako aliyepaswa kulijibu hakuwa na la kujibu. Mwandishi wa hadithi akiwa peke yake chumbani, hana wa kumkatalia hivyo. Yambidi aigize mwenyewe nafasi zote.

Twafika sasa penye jambo zito kuliko mengine, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika madaftari tunayoletewa twaona mara nyingi maandishi mawili: ya kwanza yamefutwa, ya pili yameandikwa juu yake. Chukua mfano wa namna hii. Mama mmoja wa Katuba amwita mwanawe jioni. Mara ya kwanza kijana ameandika: «Weye mutoto, unatoka wapi? Baba yako eko anakutafuta.» Kisha amekumbuka shule, ameona haya, amefuta, na juu yake ametia: «Ewe mwanangu mpenzi, watoka pande zipi? Baba yako mzazi akutafuta kwa bidii.»

Twauliza: ni mama gani wa Katuba asemaye hivi? Mama wa kwanza tulimsikia. Tulijua amekasirika na tulijua mkono wake uko kiunoni. Wa pili ni mwalimu aliyejifunga kitenge.

Kijana huyo afikiri amesahihisha. Kwa kweli amefuta kitu pekee katika ukurasa ule ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kukiandika. Sisi walimu tuna deni katika jambo hili, kwa maana tumewazoeza watoto kwamba lugha ya nyumbani ni uchafu wa kuoshwa mlangoni mwa shule. Kiswahili sanifu ni hazina, nasi twakifundisha kwa moyo wote. Ukurasa huu wenyewe umeandikwa kwacho, kadiri tunavyoweza. Msimuliaji wa hadithi na atumie Kiswahili hicho, apate kueleweka Bukavu na Kigoma na Mombasa. Lakini mama akifungua kinywa chake, mwachie kinywa chake. Mtoto anayefuta maneno ya mama yake kwa kuona haya, kesho atafuta nyumba yake yote katika hadithi, aanze kuandika juu ya mabwana waishio katika majumba asiyoyaona. Tumeziona hadithi hizo. Ndani yake hakuna harufu ya makala, wala vumbi la barabara ya Kasenga, wala foleni ya maji, na kila mtu asema kama kamusi.

Wala hiyo si ruhusa ya uvivu. Ukiandika «eko» katika ukurasa wa pili, usiandike «iko» kwa mama yule yule katika ukurasa wa tisa bila sababu. Padre hasemi kama mama sokoni, na mama naye hamwambii padre kama amwambiavyo mwanawe. Sauti yake hubadilika, hutafuta maneno makubwa, pengine hukosea. Kosa hilo ni lake, liache. Kosa lako wewe msimulizi, lifute. Kuyatenga makosa hayo mawili ni kazi ngumu kuliko kutafuta «r» na «l», na hakuna mwalimu awezaye kukufanyia. Hata simu haiwezi. Vijana wengi sasa huandika katika simu, na simu hubadili maneno yenyewe bila kuuliza, ikimfanya bibi wa Kamalondo aseme neno ambalo hajalisikia tangu kuzaliwa.

Baada ya kujua la kuacha, ndipo mtu aulize la kukata. Hapa kisu kinatakiwa, na tena kikali. Chinua Achebe wa Nigeria, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na mswada uliosimulia vizazi kadhaa vya jamaa moja: babu, kisha waliofuata. Mwaka 1956 alikuwa London kwa mafunzo ya utangazaji, akauonyesha kwa mwalimu wake mmoja, naye akaupenda. Kijana mwingine angaliutoa papo hapo ukapigwe chapa. Achebe aliurudisha nyumbani. Aliona kwamba ameweka vitabu viwili au vitatu katika gunia moja, na kwamba kila mmoja alikuwa akimnyima mwenzake pumzi. Akakata yote yaliyokuja nyuma, akabaki na Okonkwo peke yake, akamwandika upya kwa upana unaomstahili. Ndicho kitabu «Things Fall Apart», kilichotoka mwaka 1958. Na sehemu aliyoikata haikufa. Kwayo akajenga riwaya nyingine, «No Longer at Ease», ya mwaka 1960.

Kuna neno dogo la kuongeza katika kisa hicho, nalo laweza kumkosesha mtu usingizi. Alipomaliza kusahihisha, Achebe aliutuma mswada wake wa mkono, nao ulikuwa wa pekee, huko Uingereza kwa watu wa kupiga taipu. Ukakaa miezi bila jibu. Hata mwenzake mmoja wa kazi alipokwenda likizo London akawafuata, ndipo ukapigwa. Basi enyi vijana, nakilini! Daftari moja likinyeshewa mvua ya mwezi wa kwanza, kazi yote imekwenda.

Tuangalie pia kisu kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981, akaaye Graz huko Austria, alitoa mwaka 2014 riwaya yake «Tram 83». Si kitabu cha kuwapa watoto, na wazazi watuelewe. Mle ndani yumo mwandishi aitwaye Lucien, anayehangaika na mswada wake katika mji wa machimbo na kelele, na mchapishaji anamdai apunguze wahusika. Je, mchapishaji huyo ana haki? Huenda. Achebe naye alipunguza wahusika. Tofauti ni kwamba Achebe alikata kwa ajili ya Okonkwo, na Lucien anatakiwa kukata kwa ajili ya mtu mwenye fedha. Mkato ni ule ule ukiutazama kwa nje. Mwandishi mwenyewe ndiye ajuaye kama hadithi imepona au imekeketwa, na ndiyo maana twasema kazi hii haikabidhiwi mtu mwingine.

Na ni lini mtu aache kusahihisha? Kuna hatari upande huo pia. Mwaka 1975 Georges Ngal alichapisha hapa Lubumbashi riwaya yake «Giambatista Viko». Ni kisa cha profesa anayeota kuandika riwaya kuu, itakayotumia ufundi wa masimulizi ya wazee wetu. Aizungumza riwaya yake, aipigia simu, aitolea hoja, lakini kurasa haziji. Na mwisho wazee wenyewe wamkamata na kumhukumu, kwa kuwa amewachukulia neno lao. Tulipokisoma tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana tunawajua walimu watatu wa namna hiyo katika mji huu.

Ngũgĩ yeye alirudi nyuma. Riwaya yake «A Grain of Wheat» ilitoka mwaka 1967, na mwaka 1986 akaitoa tena imesahihishwa. Mahali palipotajwa «Chama» alitia jina la «Harakati», na baadhi ya matendo ya wapiganaji aliyabadili, akitaka mtazamo wa wakulima ulingane zaidi na kazi waliyoifanya katika historia ya nchi yao. Wengine husema alifanya vema. Wengine huona kwamba mtu wa mwaka 1986 alimfunga mdomo kijana wa mwaka 1967. Sisi twaelekea upande wa hao wa pili, ingawa twamheshimu sana.

Mtakatifu Augustino alichagua njia nyingine. Kati ya mwaka 426 na 427, akiwa mzee, alivisoma tena vitabu vyake kimoja baada ya kingine, akaandika kitabu kipya cha kusema: hapa nilikosea, hapa sikueleza vema, hapa leo ningesema hivi. Vile vya zamani hakuvifuta, maana vilikwisha kuwa mikononi mwa watu. Kijana aliyeandika hadithi akiwa na miaka kumi na sita, akiifungua tena akiwa na thelathini, na afanye kama huyu. Aandike nyingine.

Madaftari tuliyoletewa mwezi huu yatarudishwa Jumapili baada ya Misa ya pili. Hakuna wino mwekundu ndani yake. Tumetia alama ndogo ya kalamu ya risasi pembeni, mahali pale tu tulipojikwaa tulipoyasoma kwa sauti. Kila mmoja akae na lake majuma matatu, kisha atafute mtu mwenye usingizi. Juma lijalo tutaijibu barua ya msomaji wa Kampemba, anayeuliza kama hadithi yaweza kuanza kwa mazishi.